Ushahidi wa Ambokile

Niliingia kibandani nikiwa Subilaga, nikatoka nikiwa kaka yangu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, Tukuyu imelowa kama kawaida yake. Nilikuwa nimeshapima mvua na kuiandika kwenye daftari la kituo. Hiyo ndiyo kazi yangu: mashine ya kupima mvua iliharibika, wakaniweka mimi kwa muda, na huo muda sasa ni miaka tisa. Nikakung'uta mwavuli nikaenda ofisi ya kata kusomwa.

Kibanda cha usomaji kiko nyuma ya ofisi, karibu na tangi la maji. Kuna kiti, skrini na pedi ya kuchezea, basi. Kamera hakuna. Tangu wezi wajue kutengeneza sura, sauti na alama za vidole za mtu yeyote, serikali iliacha kuuamini mwili, ikaamini mazoea. Unakaa, unacheza Ngome Tisa saa nzima, na mfumo unaangalia unavyocheza: unaanzia kona ipi, unaokota nini, unamsalimia nani, unamkimbia nani. Walichagua mchezo wa kuigiza kwa sababu, kwa maelezo yao, mtu akivaa uhusika wa mwingine ndipo anapojisahau na kuwa yeye mwenyewe. Sina ubishi na hilo, limenipata.

Nikacheza saa yangu. Niliingia nyumba ya mhunzi kuchukua mishale, nikatoka, na nilipokuwa nimeshapiga hatua tatu nikarudi kufunga mlango. Kwenye Ngome Tisa hakuna sababu yoyote ya kufunga mlango. Hakuna mwizi wala baridi, na mhunzi mwenyewe hana habari. Mtu pekee niliyewahi kumwona akifunga milango ya mchezo alikuwa kaka yangu Ambokile, na Ambokile tulimzika miezi kumi na minne iliyopita.

Saa ilipoisha, skrini ikaandika: *Karibu, Ambokile Mwaisaka.*

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikabonyeza kitufe cha kurudia, nikaletewa jina lilelile. Chini yake, kwa herufi ndogo, pakaandikwa kwamba Subilaga Mwaisaka hajasomwa kwa siku thelathini na tano, na kwamba ndugu wanaojua aliko watoe taarifa.

*

Nieleze nilivyofika hapo, maana sikuanza na nia ya kumwibia marehemu jina lake.

Ambokile alikufa Mtwara, alikokwenda kufanya kazi, kwa homa ya siku tano. Tulimzika nyumbani mimi na watu wa kanisa, kwa kuwa wazazi walishatangulia na tumbo letu lilitoa watoto wawili tu. Siku hizi hakuna kwenda ofisini kutoa taarifa ya kifo. Mtu asiposomwa siku arobaini, mfumo unamwandika "amekoma", na jina lake linafungwa kila mahali: hospitalini, kazini, hadi laini ya simu. Kuna mzee mmoja wa Kiwira alikoma kimakosa kwa sababu ya uvivu wa kwenda kibandani, na mpaka leo anauza mkaa kwa jina la mkewe.

Siku ya thelathini na nane tangu asomwe mara ya mwisho, niliwasha mashine ya kuchezea ya Ambokile, iliyokuja pamoja na masanduku yake. Nilitaka kumuaga tu. Mhusika wake alikuwa amesimama pale alipomwacha, kwenye baraza la nyumba moja huko Ngome ya Nne, kofia ya chuma imefunika uso ambao alitumia jioni nzima kuuchonga. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Anachonga pua, anachonga kidevu, ananiita, "Subi, hebu njoo, hili jicho limekaa sawa?" Halafu anavaa kofia, na uso ule hatuuoni tena. Begi lake lilijaa chupa za dawa ambazo hakuwahi kunywa hata moja, akidai anaitunzia siku kubwa. Panga lenye kutu alilopewa siku ya kwanza hakuliuza. Ndani ya vijiji alitembea polepole, eti kukimbia mbele ya nyumba za watu ni utovu wa adabu. Nilimcheka miaka mingi kwa hayo.

Kabla sijapata neno la kuaga, mwanamke mfupi mwenye kilemba akaja mbio, punda nyuma yake, na maandishi yakatokea juu ya kichwa chake.

"Ambo! Mwanangu, ulikuwa wapi wewe? Wataka kuniua kwa wasiwasi?"

Huyo alikuwa Bi Mwatima wa Pangani. Nilimjua kwa jina, kwa sababu Ambokile hakuisha kumtaja. Walisafiri pamoja kwenye Ngome Tisa miaka kumi na moja na hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Mchezo hauruhusu sauti, ni kuandikiana tu. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya herufi. Nilipaswa kuandika kwamba mimi ni dada yake na kwamba Ambo amefariki. Nikaandika: "Shikamoo, Bibi. Nilikuwa naumwa."

"Marahaba, baba. Umekonda, au ni hiyo kofia yako?"

Nikacheka, na sikuwa nimecheka tangu mazishi. Nasema wazi kwamba sikufanya vile kwa kumhurumia bibi wa watu. Nilifanya kwa ajili yangu. Nyumba yangu ilikuwa kimya, na hapa palikuwa na mtu aliyefurahi kwamba mlango umefunguliwa.

Kesho yake nilirudi, na kesho kutwa. Nilinunua daftari nikaandika kila zoea la Ambokile nililolikumbuka, nikajifunza kama mwanafunzi wa mtihani. Mtu anayecheza nyumbani kila siku halazimiki kwenda kibandani, na mfumo humwangalia kijuujuu tu, kwa hiyo nilipita. Kila mwezi nilikwenda kibandani kusomwa kama mimi, na huko nako nilipita. Baada ya miezi minne daftari sikulihitaji. Mikono ilikuwa imeshika yenyewe.

*

Jumanne hiyohiyo, nilipofika nyumbani na kuwasha mashine, nilikuta ujumbe wa Bi Mwatima. Wiki tano zilizopita alipata kiharusi, ndiyo maana sikumwona mchezoni muda wote huo. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na jicho moja linaona nusu.

Alikuwa amerudi mchezoni, lakini mchezaji mwingine angedhani ni mgeni. Bi Mwatima niliyemjua hakuwahi kuwa wa kwanza kuvuka daraja, alikusanya sufuria za kila nchi na kuzipanga ukutani kwa ukubwa, na vitani alikaa nyuma akitibu majeruhi. Huyu wa sasa alizunguka palepale kama kuku aliyefungwa kamba. Alimpiga punda wake akikusudia kumpanda. Darajani alitumbukia mtoni mara mbili, na sufuria alizipita bila kuziona.

"Wamenikataa, Ambo," aliandika. Herufi zilikuja mojamoja, kwa mkono wa kushoto. "Kibandani waniambia mimi si Mwatima. Nikawauliza, basi Mwatima nani? Wakaniambia mfumo haujui. Ijumaa nakoma."

"Na dawa?"

"Dawa za kiharusi ni kwa jina. Bila jina hupewi hata panadoli."

"Si kuna mashahidi wa mwenendo?"

"Wapo, kwa aliyecheza nawe miaka kumi. Wanangu hawachezi na mimi, baba, wacheza na wenzao. Marehemu mume wangu alisema michezo ni upuuzi. Nina wewe tu." Akapumzisha mkono, kisha akaandika: "Nimekuombea sana tangu ulipougua mwaka jana. Sikukwambia, lakini nimekuombea kila siku."

Nilisoma maneno hayo nikaona aibu. Mwaka mzima amemwombea afya mtu aliye chini ya udongo wa kwetu Rungwe, na anayepokea dua ni mimi.

Ushahidi wenyewe uko hivi. Mtu ambaye mwenendo wake umebadilika, kwa ugonjwa au kwa msiba, anaweza kutetewa na mwenzake wa zamani. Shahidi anasomwa kwanza kibandani, kwa kina, kisha anaulizwa kwa nini anaamini kwamba huyu aliyebadilika bado ni yuleyule. Afisa akiridhika, mtu anasajiliwa upya na mazoea yake mapya. Ila shahidi hutoa ushahidi mara moja tu katika maisha yake. Zamani haikuwa hivyo, mpaka watu wakageuza ushahidi biashara.

Nami pia nilikuwa nahitaji shahidi. Jumatano nilirudi kibandani, na Alhamisi tena, nikijaribu kucheza kama Subilaga wa zamani. Nilijilazimisha kukimbia vijijini. Nilijilazimisha kuacha milango wazi. Mfumo unamjua anayejilazimisha, na mara zote mbili ukanikaribisha kwa jina la Ambokile. Bi Mwatima alikuwa anakoma Ijumaa, mimi Jumapili. Mtu pekee aliyecheza na mimi zaidi ya miaka kumi alikuwa kaka yangu, na mtu pekee aliyecheza na Bi Mwatima zaidi ya miaka kumi alikuwa kaka yangu huyohuyo. Alibaki na ushahidi mmoja, na ulikuwa mikononi mwangu.

Nilifikiria pia kusema ukweli. Nilikaa na wazo hilo Alhamisi nzima, mvua ikipiga bati, nikaligeuza kila upande. Nikisema ukweli, Ambokile anaandikwa amekoma tangu siku aliyokufa, na kila alichofanya baada ya hapo kinafutwa. Mimi ningeshtakiwa, na baada ya miaka kadhaa ya mahakama huenda ningerudishiwa jina. Bi Mwatima asingekuwa na shahidi wala hiyo miaka kadhaa.

*

Ijumaa saa nne asubuhi nilikaa kibandani nikasomwa kwa saa nzima. Sikujitahidi chochote. Nilitembea vijijini, nikafunga milango, nikapita mapango kwa kuanzia kushoto. Jina likatokea, na sauti ya afisa kutoka Dodoma ikaingia kwenye spika. Alijitambulisha kama Afisa Mligo. Sheria inataka sauti zote za kibandani zipondwe zifanane, kwa hiyo sikujua kama ni kijana au mzee, naye hakujua anazungumza na mwanamke.

"Bwana Ambokile, habari za huko?"

"Nzuri, afisa. Mvua tu."

"Mvua neema. Sasa, bwana, mbele yangu nina majina mawili yanayokuhitaji. Kuna Bi Mwatima Shehe wa Pangani, yeye ameomba mwenyewe. Na kuna Bi Subilaga Mwaisaka wa hapohapo Tukuyu. Huyo hakuomba, ila mfumo umeona anakaribia kukoma na wewe ndiye mwenzake pekee. Ni nani kwako?"

"Dada yangu."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Ah, basi kazi imekuwa rahisi." Nilisikia akiandika kitu. "Watu wengi huchagua damu, na hakuna atakayekulaumu. Niweke dada?"

Nitasema ukweli wa dakika ile, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kuusema: nilitaka kuitikia. Neno lilikuwa mdomoni. Nilitaka kuendelea kwenda kituoni asubuhi na kusaini daftari kwa jina nililobatizwa nalo. Bi Mwatima ni mzee, nilijiambia, na mimi nina miaka arobaini na moja. Nikajichukia kwa hesabu hiyo, lakini niliipiga.

"Ukimweka dada," nikauliza, "utaniuliza nini?"

"Swali ni moja kwa wote. Kwa nini unasema bado ni yeye?"

Nikafungua mdomo kujibu kuhusu Subilaga, angalau kwa majaribio, na sikupata kitu. Anaamka, anapima mvua, anarudi nyumbani, anawasha mashine ya marehemu. Mwaka mzima na zaidi hakuna alichofanya kilichokuwa chake. Kama mimi mwenyewe ningekuwa afisa, ningemkataa.

"Niulize kuhusu Bi Mwatima," nikasema.

"Una uhakika, bwana? Ukishatoa huu, dada yako hana mwingine."

"Najua."

"Haya. Bi Mwatima Shehe. Mwenendo wake umebadilika kwa zaidi ya nusu. Kwa nini unasema bado ni yeye?"

Hapa sikuhitaji kuigiza. "Kila tukielekea vitani, Bi Mwatima hupika kwanza," nikasema. "Wenzetu wanakasirika, wanamwambia tumechelewa, yeye anapika. Tangu apate kiharusi, anapika kwa mkono wa kushoto, nusu ya chungu inaungua. Juzi nilimwangalia. Tulikuwa sita. Aligawa chakula mmoja mmoja, kwa taabu, na kilichoungua chote akajiwekea yeye. Chakula kilichoungua kinapunguza nguvu, afisa, na yeye ndiye dhaifu kuliko sote. Hakuna aliyemwomba. Ndivyo alivyokuwa tangu nimjue. Kilichobadilika ni mkono."

Nilisema "tangu nimjue", na nilimjua miezi kumi na mitatu, si miaka kumi na moja. Lakini nilichosema nilikiona kwa macho yangu. Ambokile hakuwepo.

Kisha afisa akasema, "Imepokelewa. Bi Mwatima Shehe anasajiliwa upya leo saa tano na dakika kumi. Asante, Bwana Ambokile. Na kuhusu dada yako, bwana, nakupa pole mapema."

"Asante," nikasema.

*

Jumapili saa nane mchana simu yangu ilizima mtandao. Nilikuwa natoka kanisani, nimeshika kitabu cha nyimbo na mwavuli. Nilipofika kituoni mlango wa chumba cha vipimo haukufunguka, na kwenye kioo chake kidogo palikuwa na tangazo la kutafuta mpimaji mpya. Nikasimama pale nje, nikiangalia mvua ikijaa kwenye chombo ambacho sina ruhusa tena ya kukisoma. Jirani akapita akanisalimia, "Shikamoo, Mama Mvua," nikaitikia. Hakujua chochote, na sikuona namna ya kumweleza.

Nyumbani niliwasha mashine. Mhusika wa Ambokile alikuwa na kitambaa cheusi mkononi. Mfumo humvalisha mtu aliyefiwa, ili wenzake wamtendee kwa upole. Nilikaa nikikitazama kitambaa kile.

Bi Mwatima alikuwa jikoni kwake Ngome ya Nne. Alikuja kwangu taratibu, akigonga meza na milango, lakini alifika.

"Ambo! Nilijua hutaniacha. Leo nimepewa dawa zangu, wallahi nimelia mbele ya watu." Kisha akaona mkono. "Baba, hicho nini? Una msiba?"

"Ndio, Bibi."

"Nani tena?"

Ningeweza kumwambia pale pale, lakini yanayoandikwa mchezoni yanasomwa, na kabla ya jioni jina lake lingefungwa tena. Ningeweza kwenda Pangani nikambishie hodi. Lakini mtu mwenye siri huanza kucheza kama mwenye siri, na mfumo ungeiona kwenye huo mkono wake mmoja. Ukweli wangu ungemgharimu yeye. Nikaelewa kwamba sitamwambia leo, wala mwakani, wala siku yoyote.

"Dada yangu," nikaandika.

"Yule uliyekuwa ukimsema? Wa mvua?"

Sikujua kwamba Ambokile aliwahi kunisema. "Huyohuyo," nikaandika.

"Ewe Mola wangu. Na mimi nakusimulia dawa! Pole, mwanangu, pole sana. Kaa hapa." Akavuta kigoda, kikaenda upande, akakivuta tena. "Alikuwaje? Niambie. Maiti akisemwa vizuri hufarijika."

Nikaanza kuandika bila kujua nitaandika nini. Niliandika kwamba alikuwa mkali, na alijua kukasirika kwa mambo madogo. Kwamba hapahapa Ngome Tisa alikuwa anaruka ukuta hata kama mlango uko wazi, na hakuwa na subira ya kusikiliza wahusika wakieleza shida zao, lakini kila alipopita sokoni alifungua vizimba vya ndege akawaachia, na wauzaji wakamfukuza na marungu, na kaka yake akalazimika kukimbia kijijini kwa sababu yake. Niliandika mambo ambayo siku mbili zilizopita, kibandani, sikuweza kukumbuka hata moja.

"Nisingemwacha apite bila kula," akaandika Bi Mwatima. Kisha: "Nalia, Ambo. Simjui, lakini nalia."

Nami nikalia, peke yangu Tukuyu, nikimlilia Subilaga pamoja na mtu pekee aliyejua kwamba amekwenda.

"Leo baada ya Alasiri nitamsomea," akaandika. "Hata kama si wa dini yangu, Mungu ni mmoja. Niandikie jina lake, baba. Liandike vizuri, nisije nikamwombea mtu mwingine."

Nikaliandika herufi moja moja, polepole, mpaka likatimia.